Mzee Fumua na Mayai ya Chawa

Mtaani hapakuwa na mtu aliyelikumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Watoto, majirani, hata mkewe siku akikasirika, wote walimwita Mzee Fumua, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Maisha yake yote alikuwa fundi cherehani, na neno alilolitamka kuliko salamu lilikuwa hilohilo. Mwanafunzi amemaliza kushona mfuko wa suruali, jasho linamtoka, anaileta kazi huku shingo imenyooka akingoja sifa. Mzee anapitisha kidole gumba juu ya mshono, taratibu, halafu anamrudishia nguo yake.

"Fumua."

Hakugomba wala hakupaza sauti. Angegomba ingekuwa nafuu, maana mgomvi watu humzoea. Yeye alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekukaribisha kiti, na ule upole ndio uliowaliza wanafunzi chooni.

Basi kama angeishia kwenye cherehani, tungesema ni kazi yake. Wapi. Akienda kumjulia hali mgonjwa, alirudi na habari za pazia la wodi kwamba upindo umeachia. Kwenye picha ya harusi yake mwenyewe, iliyotundikwa sebuleni kwa miaka na miaka, hamtazami bibi harusi. Anatazama kola ya koti lake, iliyopinda upande mmoja. "Mpaka leo ananiuliza kwa nini sikumwambia," mkewe huwasimulia wageni. "Mimi siku ile nilikuwa nimeinamisha uso chini kwa haya. Kola ningeionea wapi?"

Watu walimwambia nyani haoni kundule. Yeye alijibu kwamba nyani huyo angeshonewa suruali nzuri, asingekuwa na haja ya kuliona.

Kwa maskhara hayo aliishi vizuri na dunia nzima, isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyempenda kuliko wote. Alikuwa na binti, mtoto pekee, aliyejifunza kushona akiwa bado anapanda kibao ili aifikie meza. Alikuwa na mkono mwepesi, na Mzee alijua hivyo, akajivunia hivyo, na hakuwahi kumwambia hata siku moja. Kisha ikaja siku binti alipomshonea mteja koti lake la kwanza peke yake, kuanzia kupima hadi vifungo. Mteja amesimama mbele ya kioo, anajigeuza huku na huku, ameridhika mpaka anajichekea. Mzee akasogea. Akapitisha kidole gumba mgongoni mwa mteja. Akalisema lile neno.

Mteja alivua koti. Binti hakulia. Alichukua mkasi wake, futi yake na sanduku lake la nyuzi, akatoka nje, na karakana ya baba yake hakuikanyaga tena. Nyumbani alikuja. Alimwamkia baba, alikula, alicheka na mama yake, aliolewa na mwalimu wa shule, kijana mpole, na mahari ikaenda salama. Lakini habari za kazi hakuzitia mdomoni mbele ya baba yake. Mzee akimuuliza, "Siku hizi unashona nini, mwanangu?" alijibu, "Nguo, baba," na hapo pakafungwa.

Macho yalipoanza kuchoka Mzee aliifunga karakana. Akabaki nyumbani akiwatafutia kasoro makochi. Alikuwa na njaa ambayo chakula hakiwezi kuiondoa: alitaka kuiona kazi ya binti yake, aishike, walau mara moja. Nasema wazi, ilimuuma vibaya, na aliyemchongea alikuwa mdomo wake mwenyewe.

Ndipo jioni moja mkwe wake, yule Mwalimu, akaja na uso wa mtu aliyebeba habari.

"Baba, shikamoo. Jumamosi mwenzangu, binti yako, anafungua duka lake jipya. Kuna bibi harusi anakuja kuchukua koti lake la mahameli, atavalishwa palepale mbele ya wageni. Anakukaribisha."

Mzee alisimama, akakaa, akasimama tena. "Ananikaribisha mimi?"

"Wewe, baba. Ila kuna sharti."

"Lolote."

"Tangu unaingia hadi unatoka, usiseme kasoro hata moja. Amesema ukisema, hutakanyaga tena."

"Nitasema kasoro mimi?" Mzee alimgeukia mkewe apate shahidi. Mkewe alikuwa ameanza kuikagua dari.

Mwalimu alicheka, akapitiwa. "Unajua, baba, mwenzangu ana jina lako la Kiingereza. Hukuita 'nitpicker'." Akalitamka, na papo hapo akatamani kulimeza.

"Maana yake nimeshaiona usoni mwako," alisema Mzee. "Mtafuta kasoro. Haya, kaa chini. Nataka kujua neno lenyewe limezaliwa wapi."

Na mwalimu ni mwalimu. Ukimuuliza asili ya neno umemwekea sahani ya wali mbele. Alivuta kiti. Akaeleza kwamba Waingereza maneno ya kazi hiyo wanayo tele. Lipo 'cavil', ambalo kwenye Kilatini lilianzia kwenye mzaha na dhihaka.

"Hilo si langu," alisema Mzee. "Mimi simdhihaki mtu." Mkewe alikohoa, akakohoa tena.

"Hili lako ni changa zaidi, baba. Lilianza kuonekana magazetini Marekani katikati ya karne iliyopita, wakiwasema watu wa maofisini wanaochambua kazi za wenzao wakitafuta vijikosa. Lakini vipande vyake ni vya zamani. 'Nit' ni yai la chawa. Na 'pick' ni kuchukua kimoja kimoja, kwa ncha za vidole. Yaani ni mtu anayetoa mayai ya chawa kichwani."

Mwalimu aliinamisha macho, akisubiri hasira. Hasira haikuja. Mzee alikuwa ameachama.

"Mayai ya chawa," alisema polepole. "Lile jeupe, linaganda kwenye unywele, ukilivuta halitoki mpaka ulikamate kwa kucha?"

"Hilohilo."

Mzee akapiga paja. "Mama, umesikia? Lakini mimi nimeifanya kazi hiyo!"

Na kweli aliifanya. Binti alipokuwa mdogo alirudi na chawa kutoka shule, mama yake yuko safarini kumuuguza dada yake. Wengine walisema mtoto anyolewe. Mtoto akalilia nywele zake. Basi Mzee alimketisha kwenye kigoda karibu na dirisha la karakana, akamtia kichwa katikati ya magoti yake, na kwa macho yaleyale yaliyoona mshono uliopotoka akayatoa mayai moja baada ya jingine, alasiri baada ya alasiri, wateja wakingoja nje. Mtoto alisinzia mapajani. Alipomaliza hapakubaki hata moja.

"Kwa hiyo hilo ni jina la heshima," Mzee alisema, na sasa alikuwa anatembea chumba kizima. "Anayekutoa mayai ya chawa anakupenda. Asiyekupenda atakusogelea kichwa chenye chawa? Jumamosi nitamwambia. Nitasimama mbele ya wageni niwaambie maana yake, wote wajue kwamba nilikuwa nampenda."

Alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Mwalimu naye akafurahi, maana amepona. Aliyeharibu furaha ni mke wa Mzee, aliyekuwa anakunja nguo zilizokauka, na hakuacha kukunja.

"Ulipomtoa chawa, mlango ulikuwa umeufungua au umeufunga?"

"Niliufunga. Ningeuacha wazi watu wamcheke mtoto?"

"Haya," alisema mkewe. "Na siku ya koti?"

Mzee alirudi kukaa kwenye kiti chake, na usiku ule hakumkosoa mtu.

Jumamosi aliamka kabla ya jogoo. Alipiga pasi shati lake, akapiga la mkewe, akapiga leso. Njiani mkewe alimwelekeza kama mtoto anayepelekwa shule: ukijisikia kusema, kunywa juisi, ukizidiwa, ning'ate mimi kidole. Mzee aliitikia kila kitu. Alikuwa hajawahi kuogopa nguo maishani mwake.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa kioo cha giza mbele, na nyuma ya pazia la kahawia, chumba cha kushonea. Hewa ilinuka rangi mpya na mvuke wa pasi. Binti alikuja kumpokea, futi ikining'inia shingoni. "Shikamoo, baba." Sauti ilikuwa ya adabu na macho yalikuwa ya askari wa lindo.

"Marahaba, mwanangu. Pazuri," alisema Mzee, akakomea hapo, akameza mate.

Koti lilikuwa limevalishwa sanamu katikati ya chumba. La mahameli ya kijani kibichi iliyokolea, kola imesimama, kiuno kimeingia, limeanguka hadi magotini bila mkunjo hata mmoja. Mzee aliliangalia tangu kola hadi upindo. Alijua tangu zamani kwamba binti yake anaweza. Hakujua kwamba amefika huku. Alikalia mkono mmoja ili kidole gumba kisimtie aibu, kwa mwingine akanywa juisi, na wageni wakaendelea kuingia, majirani wa duka, mafundi wenzake, wateja, na mkewe akambinya goti kumpongeza.

Kisha mtu akaufungua mlango wa kioo, akaukwamisha kwa tofali upepo upite, na jua likaingia lote.

Mzee aliona. Mkono wa kulia wa koti ulikuwa wa kijani. Mkono wa kushoto ulikuwa karibu mweusi.

Aligeuza shingo kutazama wageni. Walikuwa wanacheka, wanakula. Hakuna aliyeona bado. Lakini bibi harusi atasimama pale pale, kwenye jua lilelile, na shangazi zake, na kuna mtu atakayeleta kamera. Akisema, mlango wa duka hili unafungwa kwake mpaka afe. Asiposema, mtoto wake ataaibika siku ya kwanza ya duka lake, mbele ya watu hawahawa. Aliukamata mkono wa mkewe akamtafuna kidole mpaka mama wa watu akaruka kwenye kiti.

Halafu aliinuka. Alipita katikati ya wageni akitabasamu kila upande, tabasamu la mtu mwenye jino bovu, akalifunua pazia la kahawia na kupotelea nyuma yake.

Binti alimfuata mbio. Alimkuta amesimama katikati ya vitambaa na cherehani, mikono nyuma.

"Baba, umechoka? Unataka kuondoka?"

"Siondoki. Nimekuja kukaa huku."

"Watu wako kule."

"Ndiyo maana niko huku."

Binti alimtazama. Alimjua kila kope. "Umeona kitu."

"Niliahidi."

"Sema."

"Nikisema utanifukuza."

"Usiposema ndiyo nitakufukuza," alisema binti. "Tangu jana jioni kuna kitu kinanikera kwenye lile koti na sikijui. Nimelipiga pasi, nimelizunguka, nimelilaza, nimelisimamisha. Sikulala. Baba, nakuomba."

Mzee alilivuta pazia likaziba vizuri. Akamsogelea binti yake, akamwinamia sikioni, akasema kwa sauti ndogo hata mwenyewe alijishangaa. "Mkono wa kushoto. Upapase."

Binti alitoka, akarudi amelikumbatia sanamu na koti lake, huku anawaambia wageni kwamba analinyoosha kidogo. Alipitisha kiganja kwenye mkono wa kulia, kutoka begani kwenda chini: laini, vimanyoya vimelala. Akapitisha kwenye wa kushoto: vimanyoya vikamsimamia kiganjani. Mkono ule ulikuwa umekatwa kichwa chini miguu juu, na mahameli ikigeuzwa hivyo rangi yake huonekana nyeusi zaidi. Taa ya chumba cha kushonea, iliyokuwa ikiwaka juu kabisa ya meza, haikuuonyesha. Jua halina adabu hiyo.

Aliketi juu ya robota la bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti. Mzee, tusimsingizie utakatifu, moyo wake ulicheza kidogo. Jicho lilikuwa bado lipo. "Ulikikataje kitambaa?" aliuliza.

Binti aliokota kipande kilichobaki akamwonyesha. Alikikunja kwa upana, ncha ya juu ikashuka kukutana na ncha ya chini, akaweka kiganja katikati kulainisha. "Hivi. Mikono yote miwili kwa mkato mmoja. Kitambaa hakipotei."

"Lakini ukikunja hivyo, upande wa juu vimanyoya vinageuka. Nani alikufundisha kukunja hivyo?"

Binti alikikunjua kipande. "Wewe, baba."

Mzee aliiona meza yake ya zamani, na khaki za sare za shule zilizopita hapo maelfu kwa maelfu, khaki isiyo na juu wala chini, na mtoto kasimama juu ya kibao akijifunza kukunja kwa upana ili kitambaa kisipotee. Mahameli hakumfundisha, maana mahameli haikuwahi kuletwa kwake zaidi ya pazia la ukumbi. Yote aliyomfundisha, mtoto alikuwa ameyashika barabara.

"Basi kasoro ni yangu," alisema.

"Ni yetu," alisema binti, na alikuwa amekwisha inuka. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Shika wembe, baba, utoe huo mkono. Mimi nakata mwingine."

Simu yake ikalia. Shangazi wa bibi harusi: wametoka nyumbani, wako njiani. Binti alichungulia pazia, akamwita mumewe. "Waongeleshe."

"Niwaambie nini?"

"Chochote. Wewe si mwalimu?"

Kumbe hapo ndipo raha ilipoanza. Mzee alikata nyuzi za begani uzi mmoja mmoja kwa ncha ya wembe, bila kuigusa mahameli, vidole vimesahau kwamba vimezeeka. Binti alikilaza kipande kilichokuwa kimetengwa kwa ajili ya mkanda, akakipapasa, akakigeuza, akakipapasa tena, kisha mkasi ukaingia. Kule nje sauti ya Mwalimu ilipanda: alikuwa anawasimulia wageni habari za yai la chawa. Watu walicheka. Akawasimulia kigoda, dirisha, na kichwa cha mtoto katikati ya magoti ya baba yake. Wakasogeza viti karibu.

Binti alisimamisha cherehani. "Nilikuwa nasinzia," alisema bila kugeuka.

"Ulikuwa unakoroma," alisema Mzee. "Shona."

Mama aliingia na kidole chake chenye alama za meno, akawasha pasi bila kuuliza. Binti alipiga bandi, ule mshono wa kushikiza kwa muda, akalivalisha sanamu, wakalisogeza kwenye dirisha dogo la nyuma wote watatu. Mikono yote miwili ikawa ya kijani. Mzee alitaka kulia, akaona hakuna nafasi. Mshono wa bega ukapita, bitana ikafungwa kwa mkono, na gari likapiga honi nje.

"Bado mkanda," alisema binti. Wakaukata kutoka kwenye ule mkono uliokataliwa, vipande viwili vya kuunga, na binti akamwachia baba yake sindano. Mzee aliinama, akashona kama mtu anayekimbizwa. Binti, koti likiwa mikononi na mguu mmoja mlangoni, alisita. Alirudi. Aliutazama mkanda, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, akamwinamia sikioni.

"Baba," alinong'ona, "unapinda."

Mzee aliusogeza mkanda karibu na pua. Ulikuwa umepinda kweli, macho yamemdanganya. Hakuna aliyewahi kumwambia jambo kama hilo tangu alipokuwa mwanafunzi, na hakujua kwamba mtu anaweza kuambiwa hivyo na bado akajisikia amekumbatiwa. Akauchukua wembe.

Nje kelele zilikuwa zimepanda. Bibi harusi alivaa koti, akasogea penye jua, akageuka mara moja na kugeuka tena, na shangazi zake wakashikana mikono. Walisifu kola. Walisifu kiuno. Wakauliza mkanda, wakaambiwa unakuja. Halafu mgeni mmoja, aliyeikamata hadithi ya Mwalimu mpaka mwisho, akamgeukia mwenye duka.

"Na huyo mzee wa chawa yuko wapi? Tulisikia amealikwa. Au mmemfukuza?"

Binti alikuwa amepiga magoti anarekebisha upindo, pini mdomoni. Alizitoa zote kwanza, ili asikike.

"Baba yuko kazini," alisema.

Nyuma ya pazia Mzee alisikia. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke, na kwa sababu hiyo uzi ukakataa kabisa kuingia kwenye sindano, ikabidi mkewe amtungie. Kisha akaunyoosha mkanda juu ya goti na kuanza upya, maana bibi harusi alikuwa anasubiri.